Fisi maji arobaini wa Morro Bay: uchambuzi wa kisa cha kimelea kilichoshuka baharini na mvua

Mwanzoni mwa mwaka 2021, sangara walipoanza kuelea wakiwa wamekufa katika Ziwa Viktoria upande wetu wa Uganda, nilikuwa kwenye mwalo mmoja karibu na Entebbe. Mvuvi mmoja wa makamo ya baba yangu alikuwa amemshika sangara mkubwa kwa matamvua, akimgeuzageuza kana kwamba anamtafutia jeraha. Nilimuuliza, "Mzee, unaonaje?" Akanijibu bila kusita: "Daktari, hii ni sumu. Akifa mmoja ni siku zake zimefika. Wakifa wote kwa pamoja, kuna mtu amemwaga kitu." Taarifa ya awali ya serikali ilitaja upungufu wa oksijeni majini baada ya dhoruba, wala si sumu. Hata hivyo sikumdharau mzee yule, kwa sababu hoja yake ndiyo hoja ambayo sisi madaktari wa mifugo na wanyamapori hufundishwa kuanza nayo: vifo vingi, mahali pamoja, ndani ya muda mfupi, basi tafuta sumu.

Wataalamu wa Marekani walianza na hoja hiyo hiyo Aprili 2004, katika kisa ninachokusudia kukichambua hapa. Kinahusu bahari ambayo wengi wetu Uganda hatujaiona, na mnyama ambaye hayupo Afrika. Nimekuwa nikikitumia kufundishia kwa miaka kadhaa kwa sababu kinaonyesha, hatua kwa hatua, jinsi ugonjwa wa majini unavyoweza kuwa umeandaliwa nchi kavu, na jinsi mchunguzi anavyoweza kuachana na dhana yake ya kwanza pale ushahidi unapomwambia aachane nayo.

Kilichoonekana ufukweni

Morro Bay ni mji mdogo wa pwani katikati ya California, kwenye Bahari ya Pasifiki. Katika mwezi huo wa Aprili, fisi maji wa baharini 40, baadhi yao wagonjwa na wengine wakiwa wamekwisha kufa, waliokotwa katika ukanda wa pwani wenye urefu wa kilomita 18. Kumbukumbu za vifo vya wanyama hao zilikuwa zimetunzwa kwa miaka 30, na katika miaka hiyo yote hakuna mwezi uliowahi kuleta mizoga na wagonjwa wengi kiasi hicho.

Ili uzito wa idadi hiyo ueleweke, inafaa kumfahamu mnyama mwenyewe. Fisi maji wa baharini ni wa ukoo mmoja na fisi maji wa madoa shingoni tunayemwona katika Ziwa Viktoria, isipokuwa yeye ameiacha nchi kavu karibu kabisa. Hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi kama sili au nyangumi. Kinga yake dhidi ya baridi ni manyoya, ambayo ni mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, pamoja na mwili unaochoma chakula kwa kasi kubwa. Kwa hiyo hula kila siku chakula chenye uzito wa karibu robo ya uzito wake. Jike la kilo 20 hula kama kilo tano za kome, kaa, konokono na shokomzoba kwa siku, mbichi, pamoja na matumbo yao. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwa sababu tutairudia.

Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Wawindaji walimmaliza pwani ya California hadi ikadhaniwa ametoweka, na mwaka 1938 kundi la wanyama wapatao 50 likaonekana karibu na mlango wa kijito cha Bixby, pwani ya Big Sur. Wote walioko leo katika sehemu hiyo ya pwani ni uzao wa masalia hayo. Tangu mwaka 1977 wanalindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini, lakini mwaka 2004 idadi yao ilikuwa bado chini ya 3,000. Mwezi mmoja, katika kipande kifupi cha pwani, ulikuwa umeathiri zaidi ya mnyama mmoja katika kila mia ya jamii nzima.

Kutoka sumu hadi kimelea

Dalili zilielekeza kwenye ubongo. Wanyama walioletwa wakiwa hai walikuwa na ugonjwa mkali wa mfumo wa fahamu, ugonjwa wa ghafla, na fisi maji aliyefikia hali hiyo hutetemeka, hupatwa na degedege, hushindwa kupiga mbizi na hatimaye husukumwa ufukweni na mawimbi kama gogo. Ukiziweka pamoja dalili za ubongo, ghafla ya ugonjwa na ufinyu wa eneo, kemikali iliyomwagwa au sumu ya baharini ni dhana ya halali kabisa. Pwani ya California inaijua vizuri asidi ya domoiki, sumu ya ubongo inayotengenezwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambayo hujikusanya katika samaki wadogo na kome na imewahi kuwaua simba wa baharini wengi katika pwani hiyo. Mtu asingelaumiwa kwa kusimama hapo, akapima sumu hiyo, akaikuta, akafunga jalada.

Kilichowaokoa wachunguzi ni utaratibu wa kuchunguza mzoga mzima, kiungo kwa kiungo, hata pale jibu linapoonekana kuwa tayari liko mezani. Vidonda walivyovikuta havikuwa vya sumu. Vilikuwa vya uambukizi: uvimbe wa ubongo na seli za kinga zilizokusanyika kupambana na kitu kilichokuwa hai. Kitu hicho kikatambuliwa kuwa Sarcocystis neurona, kimelea cha seli moja kilicho katika kundi moja kubwa na vimelea vya malaria na Toxoplasma, kimelea kinachoenezwa na paka.

Ninapowaonyesha wanafunzi picha ya ubongo ulioambukizwa na kimelea hiki, huwa nawaacha kwanza watazame wenyewe bila maelezo. Chini ya hadubini, kipande cha ubongo kilichopakwa rangi huonekana kama uwanja wa waridi wenye nukta za zambarau. Halafu jicho linatua mahali ambapo nukta zimejipanga kwa duara, ndogo ndogo, ndefu kidogo, zote zimeelekeza ncha katikati, mfano wa petali za ua. Hapo kimelea kimezaliana ndani ya seli ya mwenyeji, yaani mnyama anayekibeba, kikatoa vijana wengi kwa mkupuo mmoja, nao wamelala moja kwa moja katika ute wa seli hiyo bila kifuko cha kuwazunguka. Toxoplasma hufanya tofauti: hujigawa mawili mawili, tena ndani ya kifuko. Tofauti hiyo ndogo, ambayo mtu mwenye haraka huipita, ndiyo inayoelekeza uchunguzi wa vinasaba utafute nini.

Vinasaba vikathibitisha. Asilimia 94 ya fisi maji waliochunguzwa walikutwa na vinasaba vya Sarcocystis neurona katika nyama za miili yao. Lakini kwa maoni yangu ushahidi wenye nguvu kuliko wote haukuwa huo, bali ule wa damu. Wanyama 14 walipimwa kingamwili dhidi ya kimelea hiki, na wote 14 walikuwa na viwango vya juu vya IgM na vya IgG. Kingamwili za IgG hudumu muda mrefu. Mnyama anaweza kuwa nazo kwa sababu aliambukizwa zamani, akapona, akaendelea na maisha yake. Kingamwili za IgM ni askari wa zamu ya kwanza: hutoka mapema baada ya uambukizi, kisha hupungua. Mnyama mmoja mwenye IgM nyingi anakwambia ameambukizwa karibuni. Wanyama 14 kati ya 14, waliookotwa katika pwani moja ndani ya mwezi mmoja, wanakwambia wameambukizwa karibuni wote kwa pamoja, na pengine kutoka chanzo kimoja. Vinasaba peke yake visingeweza kusema hivyo, kwa kuwa kimelea hiki hukutwa pia katika misuli ya fisi maji ambao hawaumwi.

Asidi ya domoiki nayo haikutupwa nje ya kisa. Wachunguzi waliandika kwamba kukumbana na sumu hiyo wakati huo huo huenda kuliwapunguzia fisi maji uwezo wa kupambana na kimelea, na kukazidisha dalili za ubongo. Naona waliiweka mahali pake panapostahili, yaani nyuma ya kimelea. Sumu haiwezi kumpandishia mnyama IgM dhidi ya Sarcocystis, wala haiwezi kuacha maua yale ya zambarau katika ubongo.

Mnyama wa nchi kavu aliye nyuma ya kisa

Sasa linakuja swali ambalo kila mwanafunzi makini huliuliza: kimelea hiki kilifikaje baharini? Vimelea vya jamii ya Sarcocystis huhitaji wenyeji wawili. Mwenyeji wa kati hubeba vifuko katika misuli yake. Mwenyeji wa mwisho hula nyama hiyo, kimelea kikazaana katika utumbo wake, naye akatoa mbegu zake katika kinyesi. Mkaguzi wa nyama wa Uganda anaijua jamii hii, ingawa huenda halijui jina lake la Kilatini: zile punje nyeupe kama mchele zinazoweza kuonekana kwenye umio wa kondoo ni vifuko vya ndugu mmoja wa kimelea hiki, ambaye mwenyeji wake wa mwisho ni paka.

Kwa Sarcocystis neurona, mwenyeji wa mwisho huko Amerika Kaskazini ni oposamu, mnyama wa ukubwa wa paka anayebeba watoto wake katika mfuko wa tumbo, anayetembea usiku na kula karibu kila kitu, ikiwa ni pamoja na mizoga ya barabarani na mabaki ya majalalani. Hapa pana jambo ambalo mimi hulipa uzito. Oposamu si mnyama wa asili wa California. Alipelekwa huko na watu, kutoka mashariki ya nchi, akastawi pembezoni mwa miji. Fisi maji wa baharini, kwa maelfu ya miaka, hakuwahi kukutana na kinyesi cha oposamu.

Mbegu za kimelea zinazotoka na kinyesi hicho huitwa sporosisti. Urefu wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita, na hutoka zikiwa tayari kuambukiza, tofauti na mayai ya Toxoplasma ambayo yanahitaji siku moja hadi tano nje ya paka kabla hayajawa hatari. Ni ngumu mno. Dawa nyingi za kawaida za kuulia vijidudu, pamoja na ile ya kung'arishia nguo, haziziui. Joto la nyuzi 60 linaziua, lakini nani atauchemsha mfereji? Katika farasi wa Marekani, ambao humeza sporosisti hizo kwenye majani na maji, kimelea hicho hicho husababisha ugonjwa wa uti wa mgongo unaowafanya wayumbe kama walevi. Kwa hiyo Sarcocystis neurona ilikuwa tayari inajulikana kuwa adui wa mfumo wa fahamu kabla haijasikika Morro Bay.

Mvua na kome

Mambo mawili zaidi yalihitajika ili kisa kikamilike, na yote mawili yalikuwepo. La kwanza ni mvua kubwa iliyotangulia vifo. Kinyesi kilichokuwa kimetapakaa vichakani, kwenye bustani na kando ya barabara, kilisombwa hadi baharini kwa mkupuo. La pili ni wingi wa kome wembamba wenye magamba yanayofanana na wembe, waliokuwa wamejaa karibu na fukwe za eneo hilo na kuwavuta fisi maji wengi wasogee karibu na nchi kavu. Kome hula kwa kuchuja maji. Yale yaliyomo majini, chembe kwa chembe, hubaki ndani yake.

Turudi sasa kwenye zile kilo tano. Fisi maji analala chali juu ya maji, kome juu ya kifua, anapasua, anakula, anapiga mbizi tena, siku nzima. Kila kome ni chujio lililokusanya yale yaliyoletwa na maji ya mvua. Mnyama huyo hahitaji kugusa kinyesi cha oposamu wala kumkaribia. Chakula chake mwenyewe, tena chakula kizuri na kingi kuliko kawaida, ndicho kilichomletea kipimo kikubwa cha kimelea ndani ya siku chache. Katika kisa hiki chote hakuna sehemu inayonigusa kama hiyo: walikufa kwa sababu msimu ulikuwa wa neema.

Kilikuwa kisa cha kwanza kuripotiwa cha mlipuko wa eneo moja, katika wanyamapori wa baharini, uliosababishwa na protozoa, yaani vimelea vya seli moja, wa kundi hili. Hakikuwa cha mwisho. Mwaka 2012, kwenye kisiwa cha Hay, mkoa wa Nova Scotia nchini Kanada, sili wa kijivu 406 walikutwa wamekufa, na waliohusika walikuwa vimelea wa jamii hiyo hiyo ya Sarcocystis, aina inayoishi bila madhara makubwa katika sili wa Aktiki. Huko safari haikuanzia nchi kavu. Kimelea kilikutana na mwenyeji mgeni ambaye mwili wake haukukizoea. Lakini mizani ni ile ile: kimelea kisichomsumbua mwenyeji wake wa zamani kilimwua mwenyeji mpya.

Kwetu, kando ya ziwa

Oposamu hatunaye Afrika, na kisa cha Morro Bay hakiwezi kujirudia hapa kwa sura ile ile. Anayestahili kuangaliwa kwetu ni Toxoplasma gondii, kwa sababu mwenyeji wake wa mwisho ni paka, na paka yuko kila mahali palipo na mwalo, dagaa na panya. Huko huko California, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba fisi maji wanaoishi karibu na mahali panapomwagika maji mengi ya nchi kavu walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa wameambukizwa Toxoplasma kuliko wale wa mbali. Madaktari wenzetu wa binadamu nchini Uganda wanakijua kimelea hicho kwa sababu nyingine: ndicho kinachouvimbisha ubongo wa wagonjwa ambao kinga yao imevunjwa na virusi vya UKIMWI.

Uganda ina fisi maji wa aina zaidi ya moja, na hatari si sawa kwa wote. Yule wa madoa shingoni hula samaki zaidi, na samaki si chujio. Wale wasio na kucha ndefu hupenda kaa na konokono, viumbe wanaotambaa kwenye tope la pembeni, palepale maji ya nchi kavu yanapotua. Nikiletewa mzoga wa fisi maji wa aina hii wakati wa mvua za Machi hadi Mei, nitachukua sampuli za ini na tumbo kwa ajili ya sumu kama kawaida, lakini sitauacha ubongo. Nusu yake nitaiweka kwenye formalini kwa ajili ya hadubini, na nusu kwenye baridi bila dawa yoyote kwa ajili ya vinasaba. Damu ya moyoni nitaichukua hata ikiwa imeganda. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi kichwa kikiachwa bila kufunguliwa: fuvu ni gumu, msumeno ni butu, na jua linapanda.

Kuna kazi nyingine ya California ambayo nadhani inatuhusu moja kwa moja. Watafiti walitumia chembechembe bandia zenye tabia ya mayai ya Toxoplasma, wakazipitisha katika maeneo oevu yenye mimea na katika maeneo yaliyobaki tope tupu. Mimea ilizizuia chembe nyingi. Tope tupu liliziacha zipite kuelekea baharini. Mashina hupunguza mwendo wa maji, na chembe ikipunguziwa mwendo hutua.

Mfereji wa Nakivubo huyachukua maji ya mvua ya Kampala, pamoja na yote yaliyolala mitaani na majalalani, hadi Ghuba ya Murchison ya ndani, na ghuba hiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inayovutia maji ya kunywa ya jiji. Kati ya mfereji na ziwa palikuwa na kinamasi kipana cha mafunjo. Sehemu yake kubwa sasa ni mashamba ya magimbi na miwa, na nyumba. Aprili iliyopita, saa moja baada ya mvua kubwa, niliwapeleka wanafunzi wangu ukingoni mwa kinamasi hicho. Palipo na mafunjo, maji yaliingia kahawia, yakazunguka polepole kati ya mashina, na povu lenye takataka likabaki limenasa nyuma. Hatua kama thelathini kutoka hapo, kwenye shamba la magimbi lililochimbiwa mitaro iliyonyooka, maji yale yale yalipita kwa kasi, moja kwa moja, kuelekea ziwani. Mwanafunzi mmoja alichota chupa mbili, moja kila upande, akaziandika kwa kalamu ya wino usiofutika, "mafunjo" na "mtaro", tukazirudisha maabara kuzichuja.